UZI: Siku nzima ya ZIFF Mji Mkongwe. Filamu mchana, Forodhani jioni, taarab usiku. Wa bara tusiwaachie wageni

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Msimu wa ZIFF ukikaribia, wengi wetu wa bara husema "lile la wageni", halafu tunabaki nyumbani. Nashusha uzi huu kulipinga hilo. Tamasha lile ni letu, na filamu zetu zinataka zitazamwe na sisi wenyewe, tumekaa pamoja, tunacheka pamoja na kuguna pamoja. Filamu ya Kiswahili ukiitazama peke yako kwenye simu, na ukiitazama katikati ya watu wa Unguja wanaoijibu ile skrini, utadhani ni filamu mbili. Nitaeleza siku inavyokwenda ili mwenye nia ajipange mapema.

Kwa asiyelijua, ZIFF ni Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Lilianzishwa 1997, la kwanza likafanyika 1998, nalo likajiita tamasha la nchi za jahazi: pwani yetu ya Afrika Mashariki, Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi. Kote ambako pepo za kaskazi na kusi zilipeleka majahazi. Ndiyo maana tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu, na ndiyo maana muziki haukuwahi kuwa kitu cha pembeni pale. Walioliasisi walielewa kwamba ukizungumzia watu wa jahazi, huwezi kutenganisha hadithi na wimbo.

Zamani tulizoea kuambiwa ni Julai. Miaka ya karibuni tarehe zimekuwa zikihama kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo usikate tiketi ya boti kwa mazoea. Hakikisha tarehe kwanza.

Asubuhi: usianze na filamu

Najua utashangaa, lakini asubuhi nakushauri utembee. Ingia vichochoroni, pita Hurumzi, pita Soko Muhogo, kaa Jaws Corner unywe kahawa chungu na kashata. Wazee wanacheza dhumna, mwengine anasoma gazeti kwa sauti, mwengine anabishana naye. Ukishakaa pale, filamu ya jioni inayopigwa kwenye uchochoro kama ule inakuingia vingine, maana unajua harufu yake na unajua watu wanavyosalimiana wakipishana mlangoni.

Halafu panda Vuga uliangalie jengo la Majestic. Sinema ilifunguliwa pale 1921 ikiitwa Royal, baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua 1954, ikajengwa upya. Nalitaja kwa sababu kuna watu wanaamini filamu Zanzibar zililetwa na tamasha. Hapana. Watu wa Unguja wamekuwa wakivaa vizuri kwenda sinema tangu enzi za babu zetu, na filamu za Kihindi walikuwa wakizikariri nyimbo zake mwanzo hadi mwisho. Hadhira ile ina uzoefu wa zaidi ya miaka 100. Ukikaa nayo utaona.

Mchana: filamu fupi na za Kiswahili

Chukua ratiba, chagua filamu chache, uache nafasi katikati. Mtu anayekimbia kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine jioni anakuwa amechoka na hakumbuki alichokiona. Mimi mchana naupenda kwa filamu fupi na zile za vijana wetu. Mara nyingi aliyetengeneza anakuwepo, watu wanamuuliza maswali na anajibu kwa Kiswahili bila kujikunja.

Kipindi kimoja cha filamu fupi sitakisahau. Ilikuwa hadithi ya mke na mume wapya, na mama mkwe alikuwa na tabia ya kuingia chumbani bila hodi. Mara ya kwanza alipoingia, kina mama waliokaa mbele yangu walicheka. Mara ya pili mmoja akasema kwa sauti, "Funga komeo, mwanangu!" Mara ya tatu yule binti kwenye skrini alifunga kweli, na ukumbi mzima ulipiga makofi. Mtengenezaji alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, kijana mdogo tu, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna mtandao utakaompa lile jibu. Alijua pale pale kwamba kazi yake imefika.

Jioni: kula kabla ya giza

Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu miezi ile. Watu wanaswali Magharibi, na Forodhani inawaka taa. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2009, ipo mbele tu ya Ngome Kongwe, kwa hiyo unakula na kuingia kwenye filamu bila kupanda gari.

Mimi naanza na urojo, hilo halina mjadala. Simama karibu uangalie unavyojengwa. Kwanza bakuli, kisha vipande vya viazi, bajia zinazovunjwa kwa mkono, kachori, mshikaki unaochomolewa kwenye kijiti kwa uma. Ndipo upawa unashuka kwenye sufuria, unakorogwa kidogo maana uzito hukaa chini, na ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi unamwagwa juu mpaka bajia zinaelea. Chatne ya nazi, pilipili kwa anayetaka, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, ambazo lazima uzile haraka kabla hazijalainika. Ukisimama kuongea na simu umeharibu urojo.

Baada ya hapo juisi ya miwa, iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Pweza na ngisi ni watamu, lakini chagua kinachochomwa ukiona, si kile kilichopangwa mezani tangu alasiri kinachopashwa moto tu. Na uliza bei kabla sahani haijajaa. Ukiuliza kwa heshima na kwa Kiswahili, mnaelewana.

Usiku: Ngome Kongwe

Hapa ndipo moyo wa tamasha ulipo kwa miaka mingi. Ngome ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno, ndani yake kukiwa na mabaki ya kanisa la Wareno hao. Karne ya 19 ikatumika kama jela. Leo ndani ya kuta zile kuna ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara, jukwaa chini, skrini, na juu ni nyota tu. Kipupwe kinapuliza, popo wanapita. Filamu ikiisha, jukwaa lile lile linapandishwa ala.

Nitaendelea na upande wa muziki. Wenye kuujua mji waongezee.

Mwana wa Vikokotoni

Ahsante ndugu yangu kwa kutusemea vizuri. Mie mtu wa hapa hapa, na urojo umeuelezea kama ulizaliwa Mkunazini.

Nakuongezea moja. Ukitoka Forodhani utaona jengo la Beit el Ajaib pembeni ya Ngome. Lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaanguka. Sie tuliokulia kwenye kivuli chake iliniuma wallahi. Mgeni akija aliangalie, asipite kama anapita ukuta. Mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, lakini mawe ya matumbawe na chokaa hayajui UNESCO, yanataka kutunzwa kila siku.

Na la mavazi. Tamasha lipo ndani ya mji wa watu wanaoswali. Bega na goti vifunikwe, khanga moja tu inatosha kwenye begi. Picha omba ruhusa, hasa kwa kina mama na wazee wa barazani.

Dada wa Makambako

Mkuu nimesoma hadi mate yamenijaa. Swali langu: nina watoto, mmoja yuko darasa la nne na mwingine ndiyo anaanza shule. Je, nao watafaidi au nitakuwa nabeba mzigo?

Mwana wa Vikokotoni

Dada yangu walete. Tamasha lina desturi ya programu za watoto, na kwa miaka mingi limekuwa na za wanawake pia, na skrini zilikuwa zikipelekwa mashamba huku Unguja na hadi Pemba. Mie filamu yangu ya kwanza kwenye kitambaa kikubwa niliiona uwanja wa skuli, tumekaa chini kwenye mikeka, bibi yangu pembeni.

Jioni wapeleke ukutani Forodhani wawatazame vijana wanavyojirusha baharini. Wanakimbia, wanaruka, mmoja anajikunja hewani, watu wanashangilia. Wanangu hawachoki na pale. Ila filamu za usiku Ngomeni uangalie kwanza ratiba inasema ni za umri gani, si kila filamu ya watoto.

Mleta uzi

Ahsante sana kaka wa Vikokotoni. Dada, chukua na shuka au kitenge kizito. Zile ngazi za mawe zinapoa usiku, na mtoto akisinzia unamlaza mapajani unamfunika.

Sasa muziki. Usiku ninaousema, baada ya filamu walipanda wapiga taarab asilia. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kumwona mpiga kanuni vizuri. Ameiweka ala mapajani, vidole vya shahada vimevaa vipete vyenye makucha ya kupigia, na kabla ya kuanza alikuwa akivipandisha na kuvishusha vile vishikizo vidogo vya pembeni vinavyoshusha au kupandisha toni ya uzi. Anagusa uzi, anainamisha sikio, anasogeza tena. Hakuna aliyemharakisha. Fidla ziliposhika naye, kisha udi, kisha kodiani, wakapiga bashraf, ule muziki wa ala tupu, yote bila mwimbaji, na ukumbi ulinyamaza wenyewe.

Mwimbaji alipoingia kwenye kibwagizo, mama mmoja aliinuka kutoka safu za juu. Akashuka taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti mkononi, macho kwa mwimbaji. Akamtunza, akageuka, akarudi kwa mwendo ule ule. Akafuata mwingine. Hapo nikaelewa kwamba kila anayeinuka anasema, "ubeti huu ni wangu". Filamu iliyotangulia ilikuwa imezungumzia mapenzi yaliyokatazwa, na wimbo nao ulikuwa wa mtu aliyeachwa. Sijui kama aliyepanga ratiba alikusudia, lakini mimi niliviona kama hadithi moja iliyoendelea kwa sauti nyingine. Hii ndiyo sababu nawasihi msiondoke filamu ikiisha. Wengi huondoka, na wanaacha nusu ya usiku pale.

Mzee wa Bashraf

Vijana, nimefurahi kuona bashraf inatajwa humu. Ruhusuni mzee aweke mambo sawa.

Taarab ya hapa ina ukoo. Klabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Klabu ya Culture (Culture Musical Club) ilianza 1958. Katikati yao yupo Siti binti Saad, aliyetolewa Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na kwa njia hiyo akaitoa taarab kwenye kumbi za wakubwa na kwenye Kiarabu, akaipeleka vibarazani. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alizichukua nyimbo zake na kuziimba mpaka uzeeni kwa ile sauti iliyokwaruza. Mgeni akijua haya mawili matatu, atakaa kwenye tamasha kwa adabu nyingine.

La pili, kila muziki wa Unguja usiitwe taarab. Ukikuta fidla moja inakimbia, ngoma ndogo mbili, sanduku lenye uzi mmoja likitoa besi, mkwasa unagongwa na cherewa zinatikiswa, hicho ni kidumbak. Pale hukai kitako kusikiliza, unacheza. Na rusha roho, taarab ya kisasa, nayo ni habari nyingine, ina watu wake na mipasho yake. Mimi ni wa asilia, lakini siwezi kuwanyima vijana chao.

Tena waambie wenzako kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinafundisha tangu 2002. Vijana wengi, na wasichana wengi, unaowaona leo wameshika kanuni na udi wamepita pale. Zamani msichana kushika udi ilikuwa nadra.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umenifundisha, nimeyaweka.

Msema Kweli wa Buguruni

Mkuu, uzi mzuri, lakini nina pingamizi. Boti, kulala, kula Forodhani ambako bei zimezoea wageni, na viingilio vya usiku. Mtu wa kipato cha kawaida ataenda vipi? Ndiyo maana watu wanasema ni la wageni, hawasemi kwa chuki.

Mleta uzi

Kaka, pingamizi lako nalipokea, na lina uzito. Gharama ni kitu halisi, na mimi sitaki kumwambia mtu akope akatazame filamu.

Lakini angalia. Sehemu kubwa ya siku niliyoieleza haina kiingilio kabisa. Kutembea, Jaws Corner, kusikiliza ngoma inayopita barabarani, kukaa Forodhani jioni. Filamu za mchana mara nyingi ni nafuu kuliko za usiku, na kuna maonyesho ya bure, angalia ratiba ya mwaka husika. Urojo kauleni Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kina mama wanauuza vibarazani jioni, na wengine watakwambia ni mtamu kuliko wa Forodhani.

La msingi zaidi kwangu ni hili. Sisi tusipokwenda, waandaaji watapanga kwa ajili ya wanaokwenda. Viti vikijaa watu wa Buguruni, Mbagala, Chake Chake na Tanga, maswali ukumbini yatakuwa yetu, muda wa mijadala utakuwa wa Kiswahili, na hata bei italazimika kututazama. Nawaona vijana wa Nairobi na Kampala wanajikusanya wanakuja kwa makundi. Sisi bahari inatutenga kwa safari ya kama saa mbili tu za boti.

Msema Kweli wa Buguruni

Hapo kwenye viti nimekuelewa. Nitakusanya wenzangu wa mtaani tuchange mapema.

Fundi wa Miksa

Nafanya kazi ya sauti kwenye matamasha, naomba niwasaidie kitu kimoja kwa wanaopenda muziki. Kwenye viwanja vya wazi vyenye kuta za mawe, sauti inagonga ukuta na kurudi. Ukikaa pembeni kabisa karibu na ukuta, besi inavimba na maneno ya mwimbaji yanapotea. Kaa katikati, usawa wa meza ya miksa. Fundi anasawazisha kila kitu kwa masikio yake pale alipokaa, kwa hiyo unasikia anachosikia yeye.

Kwa taarab hili ni muhimu maradufu, maana ni mashairi. Ukikosa neno moja umekosa fumbo zima. Na kwa filamu vilevile, hasa zenye Kiswahili cha Kiunguja au Kipemba ambapo tafsiri ya chini ya skrini ni ya Kiingereza na haibebi utamu wote.

Jambo jingine, wapeni subira mafundi wakati wa kubadilisha kutoka skrini kwenda jukwaa. Kanuni, udi na fidla ni ala laini, kila moja inataka maikrofoni yake na kila moja inapiga mluzi ukiongeza kidogo. Zile dakika mnazoziona kimya, watu wanakimbizana na nyaya.

Dada wa Makambako

Hili la kukaa usawa wa miksa nimelinakili. Swali la mwisho jamani: naweza kwenda asubuhi na kurudi Dar usiku ule ule? Na nikija Februari je, nitakuta tamasha hilo hilo?

Mleta uzi

Dada, kurudi usiku ule ule sahau. Boti ziendazo kasi kwa kawaida zinarudi Dar kabla ya usiku, na utamu wote wa Ngome unaanza saa moja usiku. Panga kulala. Nyumba za wageni ndani ya Mji Mkongwe hujaa mapema wakati wa tamasha, ila ukivuka Darajani kuelekea Michenzani au Kikwajuni unapata kwa bei ya kueleweka, na unatembea kwa miguu hadi Ngome. Beba kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto.

Februari ni Sauti za Busara, hilo ni la muziki, lilianza 2004 na limekuwa likifanyika pale pale Ngome Kongwe. Ni zuri sana, lakini filamu hutaziona. Kama unataka filamu, chakula na muziki ndani ya siku moja, subiri ZIFF.

Mwana wa Vikokotoni

Na mkifika, dada, ulizeni Vikokotoni. Wanangu watacheza na wanao, na mkate wa kumimina upo.